Mkwezi wa Temeke na Mwavuli wa Bwana Mbawa

Watu wa Temeke enzi za Mwingereza walikuwa na tabia moja ya ajabu: wakishakupa jina la kazi yako hawakuvui tena, hata kazi yenyewe ikikushinda. Ndiyo sababu Mwishehe bin Kondo aliendelea kuitwa Mkwezi mwaka mzima na ushei baada ya kuacha kukwea. Akipita dukani, "Mkwezi, za asubuhi?" Akichelewa msikitini, "Msogezeeni nafasi Mkwezi." Aliitikia kila mara kwa adabu, na kila mara moyo ulimchoma, maana siku hizo alikuwa akishinda chini, amesimama mbele ya kifuo kilichosimikwa ardhini, akifua nazi walizoangua wenzake.

Baba yake alikuwa mkwezi, na babu yake vilevile. Yeye mwenyewe tangu ujana alikuwa ameikwea minazi yote ya kutoka Mtoni mpaka Keko, na wenye mashamba walikuwa wakigombana nani amchukue kwanza. Alikuwa mtu mfupi, kifua kipana, nyayo ngumu, na hapa chini hakuwa na maneno mengi. Lakini mpeleke juu ya mnazi umsikie! Huko aliimba, akawasalimu wapita njia kwa majina yao, akamwambia huyu kwamba kanga zake zimepeperuka kambani, na yule kwamba mbuzi wake yumo ndani ya mihogo ya watu. Chausiku, mke wake, alikuwa akisema kwamba mumewe akitaka kumwambia neno la mapenzi hana budi kwanza apande mti.

Na chini ya mnazi, siku za mapumziko, hakukosekana Marselino Kapela. Huyu alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, Mkristo, mfanyakazi wa reli, tena mpangaji wa Mwishehe katika chumba cha uani. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu siku za misafara ya miguu, na hawa wawili waliushika utani wao kama ibada. Marselino alikuwa akimwita mwenye nyumba wake "mtumwa wangu." Mwishehe alimwita yeye "mpagazi." Siku mama yake Mwishehe alipofariki, Marselino aliingia matangani amevaa gauni la marehemu kinyumenyume, akadai alishwe wali kwa niaba yake, na waliokuwa wakilia wakajikuta wanacheka na kulia kwa pamoja. Hiyo ndiyo kazi ya mtani, na hakuna aliyeifanya vizuri kumshinda Marselino.

Basi siku ile mbaya Marselino alikuwa chini, Mwishehe yuko kileleni, na Marselino akawa anaigiza jinsi Mzaramo anavyokwenda shambani: jembe begani hatua tatu, akisikia ngoma jembe chini. Aliigiza mpaka kiuno kinavyokatwa ngomani. Mwishehe akacheka, akacheka mpaka machozi yakamziba macho, na mkono ukaachia. Rundo la makuti makavu ndilo lililomwokoa. Alilala hospitali muda mrefu, nyonga ikaungwa, akarudi nyumbani anachechemea, na baadaye hata kuchechemea kukaisha.

Kilichobaki kilikuwa ndani. Siku aliyorudi kazini alipanda vidato vichache tu vilivyochongwa shinani, akatupa jicho chini. Mara mate yakamkauka, magoti yakaanza kumcheza, akaukumbatia mnazi kama mtoto anayeng'ang'ania mgongo wa mama. Akateremka. "Nyonga," akawaambia wenzake. "Bado haijakaa sawa." Maskini nyonga ile ilisingiziwa mwaka mzima, na haikuwa na kosa lolote. Chausiku alijua, kwa kuwa ndiye aliyelala naye na kumsikia akishtuka usingizini na kushika tendegu la kitanda. Marselino naye alijua bila kuambiwa. Na kwa vile alijua, mtani yule ambaye hakuacha hata msiba upite bila mzaha hakuwahi, hata siku moja, kutia neno juu ya kuanguka kule. Mwishehe aliliona hilo, na lilimuumiza kuliko matusi yoyote.

Mwaka uliofuata kutawazwa kwa Malkia, msimu wa kipupwe, kusi likivuma, Wazungu wawili walifika na ndege yao kuukuu. Mmoja aliiendesha. Mwingine alikuwa akijitupa kutoka ndani yake na kushuka kwa mwavuli mkubwa mweupe, na watu wakambatiza Bwana Mbawa. Walikuwa wakizunguka nchi nzima kuonyesha mchezo huo, na hapa walipewa uwanda mmoja mpana kando ya Temeke, ukazungushiwa kamba.

Siku ya kwanza watu walijaa. Bwana Mbawa akashuka, akasimama kwa miguu yake, akavua kofia. Wazungu na Wahindi waliokaa vitini wakapiga makofi. Huku nyuma ya kamba, Temeke ikanuna.

"Sanamu lile," akasema muuza samaki mmoja jina lake Marijani, ambaye hakuna kitu duniani alichokuwa hakijui. "Kilichoangushwa ni gunia lenye makumbi ya nazi. Huyu aliyevua kofia ni pacha wake, kajificha kwenye ile migomba tangu alfajiri. Mie niliwaona wote wawili wanakunywa chai."

Uvumi huo ukakimbia kuliko ndege yenyewe. Siku ya pili nyuma ya kamba walisimama watu wachache, na wote walikuwa wakitazama migomba. Bwana Mbawa akakasirika mpaka masikio yakawa mekundu. Akapanda juu ya lori, akashika bomba la kupazia sauti, na kwa Kiswahili chake cha mashambani huko Kenya akanguruma:

"Nyinyi nasema mimi mwongo! Haya! Mimi nataka mtu moja ya hapahapa! Mtu nyinyi najua uso yake, najua mama yake! Yeye taruka kesho! Nani mwanamume?"

Watu wakatazamana, wakacheka, wakasukumana. Mwishehe alikuwa amesimama katikati yao na Marselino ubavuni. Maneno "nani mwanamume" hayakumgusa, hakuwa mtu wa kuchokozeka kirahisi. Kilichomgusa ni hesabu aliyoifanya palepale kichwani mwake. Aliwaza hivi: hofu yangu ni ya kuanguka kutoka juu ya mnazi. Nikianguka kutoka mawinguni nikafika salama, mnazi utanitisha na nini tena? Hofu itafia hukohuko hewani, nami nitarudi kazini kwangu. Ilikuwa hesabu safi kabisa, na siwezi kumlaumu kwa kuiamini.

Akainua mkono.

"Shusha mkono huo, mtumwa wangu," Marselino akamnong'oneza. "Mzungu atadhani unaomba ruhusa ya kwenda chooni."

"Mie nakwenda," akasema Mwishehe kwa sauti ya kusikika. "Mie, Mwishehe bin Kondo."

"Mkwezi!" watu wakapiga kelele kwa furaha. "Mkwezi anakwenda!" Na jina lile, kwa mara ya kwanza tangu aanguke, halikumchoma.

Nyumbani Chausiku alimsikiliza mpaka mwisho huku akichambua mchele. Hakupiga kelele, hakulia. "Baba Zuhura," akasema, "ukitoka huko juu utakwea?"

"Nitakwea."

"Una hakika?"

"Mama Zuhura, kwani naendea nini kingine?"

"Basi nenda," akasema mkewe. "Lakini ukirudi na hofu yako ileile, usije ukaniambia tena habari ya nyonga. Nimeshachoka kuikanda bure."

Kesho yake asubuhi Bwana Mbawa alimfundisha. Mafunzo yenyewe yalikuwa ya kupanda nyuma ya lori na kuruka chini, miguu pamoja, magoti laini, kisha kubingirika. Ajabu ni kwamba Mwishehe aliyejitolea kuruka kutoka mawinguni alisimama ukingoni mwa lori akatoka jasho. Aliiona ardhi, aliziona kokoto zake, alijua jinsi zinavyouma. Akapiga moyo konde akaruka. Bwana Mbawa alimwonyesha vilevile kifungo cha chuma cha kifuani kinachofungua mikanda yote kwa mara moja, akamwambia asikiguse kabla hajafika chini. Mwavuli, akasema, una kamba iliyofungwa kwenye ndege. Utajifungua wenyewe. "Wewe fanya kazi moja tu," akamwambia. "Anguka. Hiyo kazi rahisi."

Temeke nayo haikukosa cha kumfundisha. Mmoja alimwambia ataiona Unguja yote na karafuu zake. Mwingine akamwapia kwamba huko juu mtu husikia harufu ya peponi. Marijani muuza samaki, aliyekuwa ameshabadilisha maneno yake, alisema mtu akiruka hupoteza uzito na hushuka polepole kama unyoya, ni raha tupu, na kwamba yeye mwenyewe angekwenda lau si pumu. Mwishehe aliwasikiliza wote. Hakutaka Unguja wala unyoya. Alitaka kitu kimoja tu.

Alasiri ilipofika, uwanda ulikuwa hauna pa kutia mguu. Marselino alitokea ametandaza shuka jeupe mkononi kama muuza nguo, anaomboleza kwa sauti kubwa.

"Jamani, nimekwishampimia sanda! Imekuwa ndefu, Mzaramo mwenyewe kipande! Nani anataka kilichobaki ashonee kanzu? Mkiona kitu kinaanguka, msilie, ni mtumwa wangu, anarudi kwa bwana wake!"

Umati ukavunjika mbavu. Mwishehe akacheka pia. Lakini walipokaribiana Marselino alimshika mkono, na mkono wa Marselino ulikuwa baridi.

Ndege ilikuwa ndogo, mlango wake umeng'olewa, na ndani ilinuka petroli. Ilipoondoka ardhini ilitikisika mpaka meno ya Mwishehe yakagongana. Kelele ilikuwa kubwa hata hakuweza kuisikia dua yake mwenyewe. Alikaa sakafuni, akafumba macho, akaanza kuisubiri hofu. Alizijua njia zake: ingeanza kwenye magoti, ipande tumboni, imkaushe mate. Alikuwa amejiandaa kupambana nayo hapo mlangoni, ana kwa ana, na kuimaliza.

Bwana Mbawa akampiga begani. Mwishehe akasogea mlangoni, akatoa miguu nje, akafumbua macho na kutazama chini.

Haikuja.

Chini kulikuwa na rangi tu. Kijani hapa, kahawia pale, mstari mweupe wa barabara, na bahari pembeni. Hapakuwa na kokoto. Hapakuwa na kitu ambacho jicho lingeweza kukishika na kusema umbali ni huu, ukianguka utaumia hivi. Magoti yalitulia. Mate yalikuwepo. Alikuwa kama mtu aliyekwenda kugombana na jirani, njia nzima anapanga maneno, akakuta mlango umefungwa na mwenyewe kasafiri. Alikuwa bado anashangaa hivyo Bwana Mbawa alipompiga begani tena, naye akaanguka, na kama alivyoambiwa, ilikuwa kazi rahisi.

Upepo ukampiga usoni, mara kitu kikamnyakua mabegani kwa nguvu, halafu pakawa kimya. Alitazama juu akauona mwavuli umejaa. Alitazama chini akaona viatu vya kuazimwa vya Bwana Mbawa vinaning'inia juu ya Temeke.

Hebu tuseme kweli: palikuwa pazuri. Kitu ambacho hakuna aliyemwambia ni kwamba kutoka kule juu unasikia. Alisikia mchi ukitwanga uani kwa watu. Alisikia mbwa, alisikia jogoo aliyekosea saa, alisikia mwanamke akimwita mwenziwe amrudishie ungo. Mapaa ya makuti yalipangana chini yake, na nyua ambazo alizizoea kwa nje alikuwa akiziona ndani, nguo zilizoanikwa, masufuria yaliyofunikwa, bata wa watu. Unguja hakuiona. Harufu ya peponi ilikuwa harufu ya dagaa wanaokaangwa.

Na katikati ya uzuri huo Mwishehe alishikwa na huzuni kubwa. Aliielewa hesabu yake sasa, na aliona ilipokosewa. Hakuwa ameishinda hofu. Hofu haikusafiri naye. Aliiacha chini, imekaa pale mnazini inamngoja, na yeye amekuja huku mawinguni peke yake kama mjinga. "Nimekuja bure," akasema kwa sauti. Atatua, atapigiwa makofi, na kesho asubuhi atarudi kwenye kifuo chake kufua nazi. Machozi yalimtoka, upepo ukayakausha.

Upepo huo nao ulikuwa na shughuli zake. Kusi lilikuwa limeongeza nguvu, nao uwanda wenye kamba na umati ukaanza kupita pembeni yake, taratibu, kama vile yeye ndiye aliyesimama. Kelele za watu zikabaki kusini. Mbele, upande wa Keko, yalikuja mashamba ya minazi. Kwanza yalikuwa kijani tu. Kisha yakawa vichwa. Kisha kila kichwa kikawa na makuti yake, na kila kuti na vijiti vyake, na makole ya nazi, na shina, na chini ya shina ardhi yenye visiki na vifuu. Jicho likapata cha kushika. Na hapo, palepale, hofu ikamrudia, nzima nzima, kwenye magoti, tumboni, kooni.

"La ilaha!" akapiga ukelele, akakunja miguu, na mnazi ukampokea.

Wapo wanaosimulia mpaka leo kwamba ulikuwa mnazi uleule alipoanguka mwaka wa nyuma. Waongo. Ule ulikuwa Mtoni. Huu ulikuwa mnazi mwingine tu, mrefu, wa bibi mmoja aitwaye Mwamvita, na haukuwa na ugomvi wowote na Mwishehe. Mwavuli ulikifunika kilele chote. Yeye alijikuta anabembea kwa mikanda ubavuni mwa shina, kuti moja limemchana shavu. Alirusha mikono, akalikumbatia shina, miguu ikatafuta kidato ikakipata. Na hapo akaganda. Majimoto, wale chungu wekundu wa minazini, wakatoka kumtazama mgeni wao na wakaanza kumuuma shingoni. Hakuweza hata kuachia kidole kuwapangusa.

Umati ulikuja mbio. Chausiku alifika miongoni mwa wa kwanza, kanga imemvuka mabegani. Marselino alikuja bado ameshika shuka lake, akasimama chini ya mnazi akatazama juu, na uso wake ukabadilika rangi. Watu wakamtazama yeye. Wote walikuwa wakingoja mtani aseme neno.

"Mwishehe," Marselino akaita. Sauti ilikuwa ndogo. "Mwishehe, ndugu yangu. Tulia hapohapo. Usitikisike. Watu wamekwenda kutafuta ngazi."

Ndugu yangu! Tangu wajuane Marselino hakuwahi kumwita hivyo. Mwishehe akalipima neno hilo. Kama Mnyamwezi huyu, aliyecheza kwenye matanga ya mama yake, leo ameishiwa mzaha, basi kumbe hali ni mbaya kweli, kumbe yeye ni wa kufa. Akachungulia chini, akamwona Marselino amelikunja lile shuka analificha nyuma ya mgongo, kama mtu aliyeshikwa na mali ya wizi. Na kwa kumwona hivyo akaelewa jambo moja. Mwaka mzima walikuwa watu wawili waliokwama juu ya mnazi, si mmoja.

"Marselino!" akapiga kelele.

"Naam, ndugu yangu!"

"Nani ndugu yako? Nitukane!"

Chini watu wakapigwa na butwaa.

"Tulia kwanza, Mwishehe. Ngazi inakuja."

"Sitaki ngazi! Nitukane, mpagazi wee! Mie nakufa huku na wewe unaniomboleza kama Mzungu!"

"Siwezi," akasema Marselino, na sasa alikuwa analia mbele ya watu wote. "Siwezi, mwenzangu. Mwaka jana nilikuchekesha, ukaanguka. Mie ndiye niliyekuangusha."

"Niliteleza mwenyewe! Mkono ulikuwa wangu! Hebu nitukane nishuke, majimoto wananila!"

Chausiku akamsukuma Marselino mgongoni. "Shemeji, mtukane mume wangu," akamwambia. "Mtukane sana."

Marselino akafuta machozi kwa ile sanda. Akakohoa. Akaanza kwa kusitasita, kama mtu anayejaribu mguu uliokuwa na ganzi.

"Mzaramo wewe," akasema.

"Sikusikii!"

"Mzaramo wewe! Umezaliwa ngomani, umeachishwa ziwa ngomani, na leo umetundikwa kama ngoma!" Watu wakaanza kucheka. Sauti ya Marselino ikapata nguvu. "Malaika wamekuona unakuja wakafunga milango, wakasema huyu akiingia atakaa barazani mpaka apewe chai! Ndege imekutapika! Upepo umekubeba ukachoka! Sasa na mnazi wa watu unauonea, zee zima, shuka ulipe!"

Mwishehe akacheka. Kicheko kilianzia tumboni, mahali palepale hofu ilipokaa, na vyote viwili vikawa vinasukumana humo kugombea nafasi. Alisubiri mkono uachie. Haukuachia. Akaubana mnazi kwa mapaja, akapeleka mkono mmoja kifuani, akakigonga kile kifungo cha chuma, mikanda ikamwachia. Akawa hana kinachomshika duniani isipokuwa mikono na miguu yake mwenyewe. Akavirusha chini viatu vya Bwana Mbawa, kimoja kimoja, na nyayo zake zikakutana na vidato.

"Endelea!" akasema.

Marselino akaendelea. Alimtukania hatua zake, alimtukania nyonga yake, ndiyo, hata nyonga, na alipoitaja watu walicheka mpaka wakashikana. Alimwigiza alivyoanguka siku ile, mikono hewani, mdomo wazi. Mwishehe alitetemeka kutoka juu mpaka chini, sitaki kukuficha, hofu haikumwacha hata kwenye kidato kimoja. Lakini alitetemeka huku anashuka. Kitu ambacho mwaka mzima alidhani hakiwezekani, kutetemeka na kufanya kazi kwa pamoja, aliona kinawezekana.

Alipogusa ardhi Chausiku alimshika uso kwa mikono miwili, akampangusa majimoto shingoni. Marselino alimtupia lile shuka kichwani. Wakasimama wote watatu wanacheka na kulia, na watu wakawazunguka wakiuliza kwa pamoja. Ilikuwaje? Umeona nini? Ni raha kama wanavyosema?

"Pazuri," akasema Mwishehe, akitafuta pumzi. "Pazuri sana. Ila kitu nilichokifuata hakipo kule."

Hapo lori la Bwana Mbawa likafika. Mzungu akaruka chini, akampiga Mwishehe mgongoni, akafurahi kumwona mzima, kisha akatazama juu na furaha ikapungua. Mwavuli wake ulikuwa umetanda kileleni kama chandarua.

"Sasa ile kitu nani talete?" akauliza. "Kesho mimi nataka ruka Morogoro."

Wakwezi wengine hawakuwapo, walikuwa wamekwenda kutazama ndege upande wa pili wa uwanda. Mwenye shamba, Bibi Mwamvita, alikuwa ameshafika na fimbo yake, amekasirika kwa ajili ya makuti yaliyovunjika.

Mwishehe aliutazama mnazi. Mate yalimkauka, kama kawaida. Magoti yakaanza, kama kawaida. Alimgeukia Chausiku, naye Chausiku bila kuulizwa akaivua kanga ya begani akampa. Mwishehe akaisokota, akaifunga kitanzi cha miguuni, akapima upana wake kwa nyayo.

"Shikamoo, bibi," akamwambia Mwamvita. "Naomba ruhusa nipande mnazi wako."

"Marahaba. Si ulikuwa huko sasa hivi bila ruhusa?" akasema bibi. "Haya, panda. Na madhali unakwenda, niangulie na nazi. Wenzio wananizungusha tangu mwezi jana."

Marselino peke yake ndiye aliyefungua mdomo. Akamwambia kwamba Mzaramo akipewa kazi mbili kwa siku moja huwa anakufa, na kwamba sanda ipo tayari, imefuliwa kwa machozi. Mwishehe aliupanda mnazi kwa sauti hiyo, kidato kwa kidato, akisimama penye kutetemeka sana mpaka kupungue, kisha anaendelea. Ilimchukua muda mrefu kuliko alivyowahi kuchukua hata utotoni. Alifika. Akaunasua mwavuli kuti kwa kuti, akauachia, nao ukashuka polepole mpaka mikononi mwa Bwana Mbawa.

Kisha akapotelea ndani ya kilele, makuti yakatikisika. Chini walikuwa wamesogea wote, Chausiku, Marselino, Mzungu na mwavuli wake, Marijani na Temeke nzima, vichwa juu, midomo wazi, wanangoja. Ndipo ikatoka huko juu sauti ambayo mashamba ya kutoka Mtoni mpaka Keko yalikuwa hayajaisikia mwaka mzima na ushei, kubwa, ya kukaripia, ya mtu aliye kazini kwake:

"Tokeni chini ya mnazi nyie! Nazi zinakuja!"